Sura ya Baba Nice

Mwaka ule ndege ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa, maua ya waridi yaliendelea kuchanua kana kwamba hayakuambiwa. Kule chini ya mlima, kwenye shamba kubwa lililokuwa likipeleka maua Ulaya, wafanyakazi waliamriwa wakate kama kawaida kisha wakamwage shimoni. Ng'ombe wa majirani wakaja wakala waridi mpaka wakakinai. Baadaye hata kukata kukasimamishwa. Kampuni ikafunga, mabanda ya nailoni yakashushwa, shamba likauzwa, na mwenye shamba mpya akawataka watu wa kambi ya wafanyakazi wahame. Wengi walikuwa wamezeeka katika nyumba zile za kambi. Watoto wao walizaliwa humo.

Waliokuwa na kwao walirudi kwao. Wasiokuwa napo walishuka Dar es Salaam, mmoja akimvuta mwenzake, na wengi wakaangukia Kariakoo, kwa sababu huko kulikuwa na wenye maduka kutoka Kilimanjaro walioweza kumtambua mtu kwa jina la ukoo, au kwa lafudhi tu. Wanaume wakabeba mizigo. Wanawake wakamenya vitunguu saumu, wakachambua tangawizi, wakafagia stoo za watu.

Hao ndio Nasma aliopewa kazi ya kuwapiga picha.

Nasma alikuwa na chumba cha studio ghorofa ya kwanza, mtaa wa Narung'ombe, juu ya duka la vitenge. Riziki yake ilikuwa picha za pasipoti na za harusi. Alizaliwa hapo hapo Kariakoo, katika nyumba ya bibi yake mzaa mama, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Bibi alipofariki wajomba wakaiuza, ikabomolewa, na sasa mahali pale lilisimama ghorofa la vioo lenye maduka ya viatu chini. Nasma na mama yake wakahamia Mbagala. Kila asubuhi akienda kazini alipita mbele ya ghorofa lile, naye alishajizoeza kutolitazama.

Aliyempa kazi aliitwa Vicky, dada mchangamfu wa shirika dogo la kutetea vibarua. Alitaka picha za sura, mtu mmoja mmoja, za kuweka kwenye maonyesho ambayo wakubwa wangealikwa.

"Wasicheke," Vicky alimwambia. "Mtu akiangalia picha aone shida."

"Na wakitaka kucheka?"

"Nasma, nakujua wewe. Fanya nilivyokuambia."

Walikutana Jumapili, watu wakitoka misani na maduka mengi yakiwa yamefungwa. Nyuma ya duka la vitenge kulikuwa na ujia mwembamba kati ya majengo mawili, na mwanga uliingia kutoka juu taratibu, bila jua lenyewe. Nasma akatundika shuka jeusi ukutani, akaweka stuli. Vicky alikuwa ameagiza waje na nguo za kazi, lakini hakuna aliyekuja nazo. Mwanamke gani atakubali kupigwa picha na gauni la kumenyea vitunguu? Walikuja na vitenge vilivyopigwa pasi, na makoti, na mzee mmoja na tai. Nasma akawaacha walivyo.

Katikati ya foleni alikuwepo mama mrefu, mkimya, kitambaa cha bluu kichwani. Jina lake Agnesi, ila wenzake walimwita Mama Nice, kwa binti yake wa pekee aliyekuwa akisuka nywele saluni moja mjini Moshi. Alipoketi hakujua aweke wapi mikono.

"Iweke tu magotini, mama," Nasma akasema.

"Imeharibika hii mikono, dada. Miiba."

Akaigeuza viganja juu. Vidole vyote vilikuwa na vikovu vidogo vyeupe, kama kitambaa kilichoshonwa kikafumuliwa. Nasma akamwomba aiache hivyo hivyo. Kamera ilipolia Agnesi akashtuka, kisha akacheka, akajifunika mdomo. Nasma akapiga na hiyo ya kucheka.

"Haya, Baba Nice, zamu yako," Agnesi akaita.

Mumewe alikuwa amesimama mwanzo wa ujia, kando ya rundo la magunia matupu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kidogo, mabega mapana, koti la kahawia lililombana makwapani. Onesphory alikuwa mpiga dawa shambani kwa muda mrefu, halafu akapandishwa kuwa nyapara wa mabanda. Sasa alibeba marobota ya mitumba sokoni Mchikichini.

"Mimi hapana," akasema.

"Kwa nini baba? Ni dakika moja tu."

"Sijasema habari ya dakika, binti." Akakohoa kidogo, akageuka pembeni kutema kwenye leso. "Picha ya mtu hupigwa akiwa kwake. Nyuma yake pana nyumba yake, pana migomba yake, hata kama ni kibanda. Mimi nyuma yangu pana nini? Shuka lako hilo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Siku nikipata pa kusimama nitakuita mwenyewe. Utakuja?"

"Nitakuja, baba."

Nasma hakumbembeleza. Alishawahi kuwabembeleza watu, na picha zao zilitoka na macho ya mtu anayengoja uondoke.

Ilikuwa desturi yake kumpa kila mtu nakala ya picha yake. Siku aliyompelekea Agnesi, chumba chao pale Ilala alikikuta kimefungwa, na mpangaji mwenzao akamwambia amtafute mumewe sokoni. Akamkuta Mchikichini, ameketi juu ya robota la mashati ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, akingoja pumzi imrudie. Jasho lilikuwa limelowesha mpaka mkanda. Kandokando yao wauzaji walikuwa wakinadi blauzi kwa sauti za kukwaruza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti wa shuka jeusi!" Akasogea kumpa nafasi. "Kaa. Robota hili limetoka Ulaya, linakalika."

Muuza kahawa alipita na birika lake, Onesphory akamsimamisha, wakapewa vikombe na kipande cha kashata. Nasma akamwonyesha picha ya mkewe, ile ya kucheka. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaitazama kwa muda mrefu.

"Alikuwa anacheka hivi tulipokuwa kambini," akasema. "Jioni, tukishaoga kutoa dawa za maua."

"Kambini ndiko kulikokuwa kwenu?"

"Kambini nilikuwa nimepewa chumba. Kwetu ni Uru." Akanywa kahawa. "Ila Uru nako, sikiliza. Baba alikuwa na kihamba, shamba la ukoo. Si kikubwa, lakini kina mfereji na migomba ya zamani. Na kwetu Uchagani wa kwanza anapewa sehemu, wa mwisho anabaki na nyumba ya mama. Mimi wa katikati. Wa katikati anaambiwa dunia ni pana."

"Hukupewa hata kidogo?"

"Nilimwomba kaka yangu Ansbert pembe moja, pale chini karibu na mfereji, nijenge chumba kimoja. Nilimwendea na pombe ya mbege, kwa heshima. Akainywa. Akaniambia, 'Onesphory, hapatoshi.'" Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Na kweli, ukipaangalia ni padogo. Ana watoto wengi. Ndiyo nikaenda kwenye maua."

Nasma akajikuta anamweleza habari ya nyumba ya bibi yake, mambo ambayo hakuwa na kawaida ya kuwaambia watu: jinsi alivyosimama ng'ambo ya barabara siku ile ikibomolewa, na ukuta wa chumba cha bibi ukabaki peke yake mpaka jioni, rangi ya samawati, na msumari wa kutundikia saa bado umo.

"Kumbe na wewe huna kwenu," Onesphory akasema.

"Nipo Mbagala."

"Mbagala unalala. Mimi nasema kwenu."

Nasma akamega kashata. Mzee akacheka, akampiga begani kidogo kama mtu anayemfariji mtoto, lakini kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika mpaka akainama, kikombe kikaanguka. Wenzake wakamtazama bila mshangao. Walishazoea.

"Umeenda hospitali, baba?"

"Vumbi la mitumba tu," akasema alipoweza kusema. Msimamizi alikuwa anaita. Akainuka, akaingiza mgongo chini ya robota, wenzake wawili wakalisukuma likamkaa, naye akaondoka nalo ameinama, akisema "njia, njia" kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

Masika ilipoanza mitaa ya Kariakoo ikajaa maji meusi. Nasma alikuwa ndani, anachagua picha za maonyesho, aliposikia mtu anapanda ngazi polepole. Akaingia Agnesi, kanga imelowa, viatu mkononi.

"Baba Nice kalazwa," akasema kabla hajaketi. "Mapafu. Anakuita. Kasema uje na kamera."

Nasma alichukua mkoba wake, akashuka ngazi, akasimama katikati akapanda tena, akashika mlango uliokuwa umekwisha kufungwa. Hakuwa amesahau chochote. Alitaka tu muda kidogo asifike.

Wodini muuguzi aliwaangalia, akaangalia na kamera. "Haraka haraka," akasema. "Na asiingie mgonjwa mwingine kwenye picha."

Onesphory alikuwa kitanda cha dirishani. Mabega yale yalikuwa yamekwisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amemnyoa ndevu, akamkata mahali kidogo chini ya kidevu, na juu ya nguo za hospitali Onesphory alikuwa amevaa lile koti la kahawia, ambalo sasa lilimpwaya. Daktari alikuwa amemwambia Agnesi kwamba mapafu yamechoka, kwamba yamechoka kwa siku nyingi. Hakuna aliyesema ni zile dawa za maua. Hakuna aliyesema si zile dawa.

"Nilikudanganya, binti," Onesphory akasema. Alikuwa anavuta hewa kati ya neno na neno. "Pa kusimama sijapata. Lakini nimeona nikingoja... Nice hatakuwa na cha kuwaonyesha wanawe."

"Utapona, baba, tutapiga nyingine."

"Usinidanganye na wewe. Tutakuwa waongo wawili."

Hakutaka kupigwa amelala. Hakutaka kitanda kionekane. Alitaka kusimama dirishani, mgongo kwenye anga. Miguu ilikataa. Basi Agnesi akapita nyuma yake, akainama, akamkumbatia kiunoni chini ya koti, akaegemeza kichwa chake mgongoni kwake ili asionekane. Onesphory akanyooka. Akafunga kifungo cha juu. Akatazama kamera kama mtu anayemtazama mgeni anayeingia uani kwake, akimpima kama amekuja kwa heri.

Nasma akapiga mara chache. Mikono yake ilitulia, kwa namna iliyomtisha mwenyewe.

"Tayari?" Onesphory akauliza.

"Tayari, baba."

"Mama Nice, tayari."

Agnesi hakumwachia mpaka alipomlaza.

Wiki haikuisha, Onesphory akafa, alfajiri, mkewe akiwa ameenda kumchukulia uji.

Nasma alipokwenda msibani, kile chumba cha Ilala kilikuwa kimetandikwa mikeka, na wanawake wa shambani wamekaa wameegemeana. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Nasma alikuwa amekesha akisafisha ile picha, akaipeleka imekwisha kuchapwa, ya kutosha kuwekwa kwenye fremu, ile inayotangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Agnesi akaipokea, akaitazama, akaigeuza ikalala kifudifudi mkekani.

"Siyo huyu," akasema.

"Mama?"

"Huu ni ugonjwa, dada Nasma. Umepiga ugonjwa. Mume wangu hayumo." Hakusema kwa ukali. "Watu wa Uru wakija kuzika wakamwona hivi watasema, tazama, Dar imemtafuna. Sitaki wamwone aliyetafunwa."

Nasma akauliza kama Nice ana picha nyingine kwenye simu yake. Agnesi akasema anazo mbili tu. Katika moja baba yake kageuka anafukuza kuku, katika ya pili kakatika kichwa. Siku zote alikuwa hivyo, hata kwenye kipaimara cha mtoto alisimama nyuma ya nguzo.

Kisha akavuta mkoba wake, akatoa kitambulisho cha kazi cha mumewe, kadi ya plastiki yenye kamba chafu. Kilikuwa na picha ndogo kama stempu. Onesphory wa miaka mingi nyuma, uso umejaa, shingo nene, amevaa shati la kijani walilokuwa wakivaa manyapara, lenye nembo ya kampuni kifuani. Alikuwa anakaribia kutabasamu.

"Hii. Unaweza kuikuza?"

"Naweza. Haitatoka safi sana." Nasma akasita. "Nembo naweza kuifuta, mama. Nikambadilishia hata shati, nikamvika suti."

Agnesi akafikiri. Kampuni ile iliwatoa bila hata asante, na haki zao walikuwa wanazidai mpaka leo. Mama mmoja pembeni akasema, "Futa, futa hilo jina, lilaaniwe." Lakini Agnesi akatikisa kichwa.

"Usifute. Alilipenda hilo shati. Siku aliyopewa alilala nalo." Akapangusa kadi kwa kidole gumba. "Alifurahi siku hiyo. Niachieni siku hiyo."

"Na hii nyingine?" Nasma akauliza, akimaanisha picha iliyolala mkekani. "Niichane?"

"Mtunzie Nice. Ndiye aliyepigiwa."

Kesho yake Vicky alikuja studio kutoa pole, akaikuta ile picha ya wodini mezani. Akaiinua. Akaketi.

"Nasma," akasema. "Vidole hivi kiunoni ni vya nani?"

"Vya mkewe. Alikuwa anamshikilia."

Vicky akatoa machozi, ya kweli. Kisha akayafuta, na Nasma akaona jinsi macho yake yalivyoanza kufanya kazi. "Hii ndiyo ya mlangoni," akasema. "Kubwa, ukuta mzima. Mtu akiingia anakutana naye. Hii inaweza kuwapatia wenzake haki zao, unanielewa? Zile nyingine ni nzuri, lakini hii... hujawahi kupiga picha kama hii."

Nasma alijua ni kweli. Alijua tangu pale wodini.

"Mwenyewe alisema ni ya wajukuu wake," akajibu. "Hakutaja wakubwa."

"Amekufa, Nasma. Walio hai bado wanabeba marobota."

"Najua."

"Basi tumwombe mkewe. Nitamwomba mimi."

"Ameshasema. Ukimwomba tena leo atakubali, kwa sababu amechoka. Usimwombe."

Vicky aliondoka amekasirika, na huenda alikuwa na haki ya kukasirika. Maonyesho yalifanyika baada ya miezi, picha ya mikono ya Agnesi ikawekwa mlangoni, kwa idhini yake. Wakubwa wachache walikuja, wakapiga picha zao mbele yake, wakaahidi kufuatilia. Hayo ni ya baadaye.

Siku ile aliyokuja Vicky, Ansbert alipiga simu msibani kutoka Uru. Alikuwa analia. Alisema ndugu yake hawezi kuzikwa Dar kama mtu asiye na kwao, kaburi litachimbwa kihambani, karibu na baba yao, ukoo umekaa na kukubali. Agnesi alisikiliza, simu ikiwa mbali kidogo na sikio. "Nimesikia, shemeji," akasema. Wenye maduka wa Kariakoo wakachanga gari. Agnesi akamwomba Nasma aende nao, wala si kwa ajili ya kupiga picha. "Wewe ndiye uliyekuja alipokuita," akasema.

Uru kulikuwa na ukungu na baridi. Nice aliwapokea barabarani, msichana mwenye mabega ya baba yake, akaichukua kutoka kwa Nasma fremu ya ile picha ya kitambulisho iliyokuzwa, akaitazama, akasema, "Alikuwa mnene hivi?" Kisha akatangulia nayo mbele ya jeneza, akishuka kwa uangalifu kwenye utelezi kati ya migomba. Picha haikuwa safi, ilikuwa na chengachenga, lakini kwa mbali ilionekana vizuri. Wazee waliomjua ujanani waliitikia kwa vichwa. Ndiye, walisema. Ndiye Onesphory.

Kaburi lilikuwa pale chini, karibu na mfereji.

Padri alimaliza, udongo ukafunika, mashada yakawekwa. Watu walipoanza kwenda kula, Ansbert akamwendea Agnesi. Alikuwa mzee mwenye mvi na koti zito, macho mekundu.

"Pole, shemeji. Angalau amerudi kwao."

Agnesi alikuwa anautazama mfereji. "Alipoomba hapa pa kujenga chumba mlisema hapatoshi," akasema. "Leo pametosha."

"Mama Nice, leo siyo siku ya maneno hayo."

"Siku yake ilikuwa lini, shemeji?"

Nasma, aliyekuwa karibu, alimwonea Ansbert huruma ingawa hakutaka. Mzee alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akasimama nayo hivyo mpaka mtu mmoja akaja kumwita.

Waliketi matanga. Siku ya kuanua, chai ikinywewa, shemeji mmoja wa kike akamwuliza Agnesi kwa upole, mbele ya watu, "Na wewe mama, utaratibu wako ni upi?" Kila mtu alielewa maana ya swali hilo: ataondoka lini. Agnesi akasema utaratibu wake ni kurudi kazini, vitunguu vinamngoja. Nice alitaka akae naye Moshi, lakini chumba cha Nice kilikuwa cha wasichana watatu na vitanda viwili.

Basi la asubuhi halikuwa limejaa. Nice alisimama nje ya dirisha mpaka likaondoka, mkono juu ya kioo. Nasma akampisha Agnesi akae upande wa dirisha, lakini mwenyewe Agnesi hakutazama nje, na hakuutazama mlima, uliokuwa wazi siku ile mpaka kileleni. Kabla ya Same akalala, kichwa kikamwangukia Nasma begani. Alikuwa hajalala vizuri tangu wodini. Wauza vitunguu na machungwa walipokuja kugonga vioo Nasma akawafukuza kwa mkono, bila sauti. Bega likafa ganzi, naye hakusogea.

Walikuwa wamepita Korogwe, jua limekuwa kali, Agnesi alipoamka. Akajinyoosha, akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, uso wa mtu aliyepumzika.

"Baba Nice kashakula?" akauliza.

Nasma akamtazama. Agnesi naye akamtazama, akingoja jibu, na Nasma akaona jinsi jambo lile lilivyomrudia, polepole, kuanzia machoni. Akajifunika kanga kichwa kizima. Nasma akaushika mkono wake wenye vikovu, akaushikilia, na basi likaendelea kushuka kuelekea pwani.